Kabla ya Kununua Kigae: Tuliyojifunza Tulipolijenga Bafu Letu Mara ya Pili

Bafu letu tumelijenga mara mbili. Mara ya kwanza tulilijenga kwa ajili ya macho ya wageni, na mara ya pili kwa ajili ya watu wanaolitumia. Kati ya ujenzi huo na huu ilipita miaka mitatu, zikapotea fedha ambazo zingetosha kwa kazi moja iliyo njema, na likatokea jambo moja ambalo mpaka leo tukilikumbuka tunaona haya. Tunaandika makala haya ili ndugu msomaji anayekusudia kukarabati bafu lake asilipie somo hili kama tulivyolilipia sisi.

Ujenzi wa kwanza uliletwa na harusi ya binti yetu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na wageni kutoka bara na visiwani walikuwa wameshaagizwa. Tulikwenda dukani tukachagua vigae vyeupe vinavyong'aa kama kioo, tukamwita fundi aliyekuwa na nafasi wiki ile, naye akavibandika juu ya sakafu ya zamani ili kuokoa muda. Siku ya harusi kila aliyeingia alitoka akisifu. Sifa zile hazikudumu. Sakafu ilikuwa imenyanyuka na mteremko wake umepotea, na maji yakawa yanatuama pembeni mwa choo badala ya kwenda kwenye tundu la kutokea. Kila aliyeoga aliacha dimbwi, na kila aliyetoka alibeba maji kwa nyayo zake mpaka ukumbini. Tulinunua ufagio wa mpira, tukauegemeza nyuma ya mlango, tukaona tatizo limekwisha.

Mwaka uliofuata mama yetu alimaliza eda ya baba, Allah amrehemu, akaja kutoka Tanga kuishi nasi hapa Dar es Salaam. Umri wake ulikuwa miaka 73. Si mtu wa kulalamika. Wiki ya pili aliteleza bafuni, akajishika kwenye sinki, na sinki likang'oka ukutani pamoja na vigae viwili. Alitoka na mchubuko wa kiwiko tu, alhamdulillahi, akasema ni bahati mbaya. Tulilirudishia sinki, tukatandika mkeka wa plastiki, tukasahau.

Miezi michache baadaye alianza kupata maumivu ya njia ya mkojo. Tulipompeleka kliniki, muuguzi alimwuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba baada ya swala ya Alasiri hanywi kitu, ili asilazimike kwenda msalani usiku. Mjukuu wake anayelala naye chumba kimoja akaongeza lile ambalo hatukulijua kabisa: kila siku kabla ya Alfajiri bibi hutoka na ndoo kwenda uani, akatawadha gizani kwenye jiwe la kufulia, kwa kuwa uani hakuna utelezi. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, alisema, "Wanangu, bafu lenu ni zuri. Ila si langu."

Mama huyu ndiye aliyetufundisha kutia udhu, akiwa ameshika birika kwa mkono mmoja na mikono yetu midogo kwa mkono wa pili. Leo alikuwa anajinyima maji kwa kuogopa sakafu tuliyoinunua sisi kwa fahari. Usiku ule tuliamua kuvunja.

Kikao cha nyumba nzima

Mara hii hatukuanzia dukani. Tulianza kwa kikao baada ya swala ya Isha, tukamwuliza kila anayelala ndani ya nyumba, mkubwa kwa mdogo, bafu linamsumbua nini. Tulidhani tunayajua majibu. Mama alisema hawezi tena kuchuchumaa, na akikaa kwenye choo kilicho chini mno hainuki bila kushika kitu. Binti mdogo alisema, kwa kumnong'oneza mama yake, kwamba hana mahali pa kutupa taulo za kike bila kaka zake kuona. Kijana wetu wa miaka saba hakufikia koki ya sinki. Mgeni akija, ili afike msalani ilimpasa apite mbele ya chumba cha wasichana. Na sisi wenyewe tulikiri kwamba asubuhi, swala ya Alfajiri inapokaribia, watu sita husubiri mlango mmoja, na mara nyingi anayechelewesha ni yule anayetawadha tu.

Tuliyaandika yote kwenye daftari. Orodha ile ndiyo iliyokuwa ramani yetu halisi, na jambo kubwa lililojitokeza ni kwamba karibu hakuna aliyetaja vigae. Watu walitaja maji, urefu, mlango, mwanga na sitara. Tangu siku hiyo tukashika kanuni moja: kila uamuzi upimwe kwa mtu dhaifu kuliko wote nyumbani. Bafu likimfaa mzee, mjamzito na mtoto, litamfaa na kijana mwenye nguvu. Kinyume chake si kweli.

Uamuzi wa kwanza uliotokana na daftari ulikuwa kuondoa udhu ndani ya bafu. Kwenye baraza ya nyuma, penye ukuta na paa, tulijenga kibaraza cha kukalia chenye urefu wa sentimita 45 kutoka sakafuni, mbele yake koki, na chini mfereji wa kupeleka maji. Foleni ya Alfajiri ilikatika nusu. Faida nyingine ni ya kisheria: wanachuoni wamechukia kumtaja Allah ndani ya choo, na anayetawadhia mahali penye choo hubaki akijiuliza aseme Bismillahi wapi. Mwenye nyumba ndogo asiye na baraza anaweza kutosheka na ukuta mfupi unaotenganisha upande wa choo na upande wa maji. Nia ni moja.

Choo kinaelekea wapi?

Swali hili huulizwa baada ya kazi kwisha, na wakati huo jibu lake ni ghali. Katika Sahihi Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Ayyub al-Ansari, Allah amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuelekea Kibla wala kukipa mgongo wakati wa kukidhi haja. Abu Ayyub anasimulia kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa kuelekea Kibla, wakawa wanageuka pembeni na kumwomba Allah maghufira. Yapo pia mapokezi ya Ibn Umar yaliyowafanya wanachuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya wengi katika pwani yetu, kuruhusu jambo hili ndani ya jengo, ingawa wamesema kuliepuka ni bora. Wanachuoni wa Kihanafi wamelikataza hata ndani ya jengo. Anayejenga upya, ambaye sakafu yake imeshafunguka na bomba linaweza kwenda anakotaka, ana sababu gani ya kubaki katika hitilafu?

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa jambo hili ni jepesi, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kwetu. Choo kikitazama mashariki au magharibi, suala limekwisha. Kadiri unavyokwenda bara, Dodoma, Tabora mpaka Kigoma, Kibla huzidi kuinamia upande wa mashariki, hivyo pima kwa dira au tazama mihirabu ya msikiti wa karibu kabla fundi hajachimba. Choo chetu cha zamani kilikuwa kimekipa Kibla mgongo kwa miaka kumi na minne bila yeyote kupima. Tulikigeuza robo ya mzunguko, na gharama ikawa kipande cha bomba na kona moja.

Maji yanatoka kabla ya kuingia

Fundi mzuri tuliyempata mara ya pili, mzee mmoja aliyezeeka na pima maji mkononi, alitufundisha kwamba bafu hujengwa kutoka chini kwenda juu na kutoka nje kuja ndani. Hakuingia bafuni kabisa siku ya kwanza. Alikwenda uani, akafunua chemba, akamwaga ndoo ya maji chooni na kutazama yanavyopita. Kisha akafunua karo. Lilikuwa limejaa mchanga na mizizi ya mwembe. Laiti tungeweka choo kipya juu ya karo lile, tungekuwa tumenunua harufu mpya.

Msomaji anayechimba karo au shimo jipya akumbuke kisima, chake na cha jirani. Umbali unaopendekezwa kwa kawaida ni mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na kitako cha shimo la choo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Katika viwanja vyetu vidogo vya mjini masharti haya ni magumu. Pasipowezekana, karo lijengwe lisilovuja na liwe la kunyonywa na gari. Kumchafulia jirani kisima ni dhulma ambayo udhu hauisafishi.

Ndani ya nyumba, bomba la choo liwe la inchi 4, na la maji ya kuogea lisipungue inchi 2. Bomba la choo lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita ya urefu wake. Kila tundu la sakafuni na kila sinki liwe na ile kona iliyopinda kama herufi U ambayo hubaki na maji ndani yake, kwani maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu na mende kupanda. Na bomba la hewa lipande mpaka juu ya paa. Bila hilo, choo kikimwagwa maji huvuta kizibo cha sinki, na nyumba hunuka pasipo mtu kujua kwa nini.

Kisha ndiyo sakafu. Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Sakafu ya bafu ishuke kuelekea kwenye tundu kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na iwe chini ya sakafu ya ukumbi kwa sentimita 2 au zaidi kidogo, ili maji yasitoke hata siku tundu likiziba. Sakafu mpya isibandikwe juu ya ile ya zamani isipokuwa fundi amepima na kuthibitisha kwamba mteremko utabaki. Yetu ilivunjwa mpaka kwenye jamvi.

Mteremko nao una fiqhi yake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud na vitabu vingine katazo la kukojoa mahali pa kuogea, na sababu iliyotajwa ni wasiwasi unaoweza kumpata mtu. Wanachuoni wamelieleza kwamba linahusu mahali ambapo maji hayana njia, hutuama na kumrukia anayeoga. Penye sakafu ngumu na mfereji unaoondoa najisi, hofu hiyo huondoka. Kwa hiyo fundi anapolaza pima maji sakafuni hapimi uzuri tu. Anatuondolea shaka kila siku ya maisha yetu.

Kabla ya kigae, sakafu na ukuta wa upande wa kuogea vipakwe dawa ya kuzuia maji, mikono miwili au mitatu, ikipanda ukutani angalau sentimita 15 na mahali pa kuogea ifike juu ya kichwa. Halafu jaribio ambalo mafundi wenye haraka hawalipendi: ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, weka alama ukutani, ondoka. Rudi baada ya saa 24. Maji yakiwa yamepungua kuliko yanavyoweza kukauka kwa hewa, pana mahali panavuja, na bado hujapoteza kigae hata kimoja. Mabomba ya maji safi nayo yajazwe na kufungwa usiku mzima kabla ya kufukiwa. Tulipiga picha kuta zote kwa simu zikiwa wazi, tukiwa tumeweka utepe wa kupimia kando ya mabomba. Picha zile zimeshatuokoa mara moja, siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya ndoano ya taulo.

Maji yanayoingia

Mjini kwetu maji hukatika, na bafu lisilo na akiba ni pambo. Tangi la lita 1,000 ni uniti moja kwenye bili, lakini pia ni tani moja ya uzito likijaa. Lisiwekwe juu ya ukuta au paa ambalo halikujengwa kulibeba. Kitako chake kiwe angalau mita mbili juu ya bomba la mvua, la sivyo maji yatadondoka badala ya kumwagika.

Kuhusu kiasi, tunayo Sunna inayotosha kutupa haya. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas, Allah amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Pishi ni mudi nne, na mudi ni kama ujazo wa viganja viwili. Kwa kipimo cha Kishafii, mudi tano hazifiki lita 4. Bomba la mvua la kawaida humwaga lita 8 au zaidi kwa dakika moja tu. Hatusemi kila mtu aweze ile mudi, bali tunasema nyumba ya Muislamu isijengwe kwa namna inayolazimisha israfu. Tulichagua choo chenye vibonyezo viwili, kimoja cha lita 3 na kimoja cha lita 6, badala ya tangi la zamani lililomeza lita 9 kila mara. Tuliweka koki zinazofunga kwa robo mzunguko ili mikono ya mama isihangaike, na mpira wa kuchambia wenye koki yake ya kufungia ukutani, kwa maana mpira huo ukiachwa na shinikizo mchana na usiku hupasuka siku hakuna mtu nyumbani.

Mahali pa kushika

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vinavyotokana na ajali duniani, na wanaofariki zaidi ni watu waliopita miaka 60. Bafuni pana yote yanayoangusha: maji, sabuni, giza, na mtu anayeinama na kuinuka.

Vigae vya sakafuni vichaguliwe kwa nyayo. Dukani tuliomba kigae kimoja, tukakimwagia maji na sabuni, tukakanyaga bila viatu. Muuzaji alicheka, lakini vigae vitatu tulivyovipenda kwa macho vilikataliwa na miguu. Vidogo ni bora kuliko vikubwa sakafuni, kwa sababu hufuata mteremko vizuri na maungio yake mengi huzuia utelezi. Vile vinavyong'aa viende ukutani.

Vyuma vya kushikilia tuliviweka viwili, kimoja kando ya choo na kimoja mahali pa kuogea, urefu kati ya sentimita 80 na 90 kutoka sakafuni. Chuma hicho kifungwe kwenye tofali lililojaa au zege, kamwe kisitegemee plasta. Kabla mama hajakigusa, mkubwa wetu mwenye kilo 90 alikining'inia. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48 ili mzee ainuke bila taabu. Kuanzia katikati ya choo mpaka ukutani paachwe sentimita 40 au zaidi, na mbele yake 60.

Mlango ufunguke kwa nje. Jambo hili dogo watu hulipuuza mpaka siku mtu anapoanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, na mwili wake ndio unaouzuia. Kitasa kiwe cha aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu wakati wa dharura. Upana ukifika sentimita 80, hata kiti cha magurudumu kitapita. Dirisha liwe juu ya kimo cha macho kwa ajili ya sitara, lakini liwe kubwa kiasi cha kukausha chumba, na liwe na wavu wa mbu. Ndani tuliweka rafu yenye mlango na pipa dogo lenye kifuniko, na binti yetu hakuhitaji tena kunong'ona.

Umeme usifanywe na fundi bomba. Swichi ya taa na ya hita ya maji ziwe nje ya bafu, hita iwe na waya wa ardhi, na mfumo uwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kazi hii apewe mwenye leseni. Taa ndogo isiyozimwa usiku, kutoka chumba cha mzee mpaka msalani, ni gharama ndogo kuliko zote tulizotaja, na huenda ndiyo yenye thawabu nyingi zaidi.

Fedha, maandishi na haki ya fundi

Hatukukopa kwa riba, na hatumshauri yeyote aoge kwa riba. Mama wa nyumba alipokea zamu yake ya upatu, sisi tukaweka kando kidogo kidogo kwa miezi minane, na kazi tukaigawa hatua mbili: karo na mabomba kwanza, sakafu na vifaa baadaye. Kwenye bajeti tuliongeza moja ya tano kwa yasiyojulikana. Karo lilikula karibu yote.

Vipimo visiachwe kichwani mwa fundi. Chumba cha mita 2 kwa mita 1.5 kina sakafu ya mita za mraba 3. Mzunguko wa kuta ni mita 7, ukizidisha kwa urefu wa mita 2.1 unapata 14.7, ukitoa mlango inabaki kama 13. Jumla ni 16, ongeza moja ya kumi kwa vinavyovunjika na kukatwa, nunua 18. Viwe vya kundi moja la kiwandani ili rangi isitofautiane, na viwili au vitatu vifichwe stoo kwa matengenezo ya kesho.

Aya ya deni katika Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imeelekeza mapatano yaandikwe na kushuhudiwa. Tuliandika ukurasa mmoja: kazi gani, vifaa vya nani, siku ngapi, malipo kwa hatua zipi, na kwamba hatua ya vigae haianzi kabla ya jaribio la maji. Tukasaini sisi, fundi na jirani mmoja. Karatasi ile ilimlinda fundi kama ilivyotulinda sisi. Kila hatua ilipokwisha na kukaguliwa, alilipwa siku ile ile, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Fundi wa kwanza, ni haki tuseme, hakutudhulumu. Tulimpa wiki tatu na hatukumwuliza swali lolote.

Chagueni majira. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ardhi hujaa maji na karo halichimbiki. Ramadhani na wiki za harusi ziachwe. Sisi tulifanya kazi Julai, siku kumi na tisa. Kabla ya siku ya kwanza tulijenga kibanda cha mabati uani na kupatana na jirani kuhusu mama, ambaye alitumia msala wao. Mwenye kuvunja choo pekee cha nyumba bila kupanga hili atajikuta akimharakisha fundi siku ya tatu, na haraka ndiyo iliyotuponza mwanzo.

Wiki moja baada ya kazi kwisha, mama aliingia peke yake usiku. Tulisikia maji, tukasikia mlango, tukasikia nyayo zake zikirudi chumbani taratibu. Hakuna aliyesema neno. Kesho yake, tulipokuwa tukitoka katika swala ya Isha, alimwita mjukuu wake akamwambia ajaze jagi la maji aliweke karibu na kitanda, kwa kuwa siku hizi, alisema, anapata kiu usiku.

Tunamwomba Allah azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa tahara na sitara, atuwezeshe kuwatumikia wazazi wetu wangali hai, na atusamehe kwa yale waliyotuficha kwa kutuonea huruma. Amin.